Vijana Sita na Ukuta Ulio Mbele Yao: Daftari la Safari, Seattle hadi Detroit

Seattle, 14 Oktoba 2023

Uwanja wa Husky uko ukingoni mwa Ziwa Washington, na baadhi ya mashabiki huja mechi kwa mashua. Wanatia nanga, wanakula na kunywa humo humo hadi saa ya mchezo ikaribie, ndipo wanashuka na kuingia uwanjani. Mimi nilikuja kwa basi, kuwatazama vijana wawili: Michael Penix wa Chuo Kikuu cha Washington na Bo Nix wa Oregon. Wote wawili ni makwotabeki, na majina yao yamo midomoni mwa kila anayezungumzia drafti ya Aprili ijayo.

Kwa msomaji asiyeuzoea mchezo huu, maelezo machache yatatosha. Timu hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifaulu inapewa mengine manne, ikishindwa inaacha mpira. Karibu kila jaribio huanzia mikononi mwa kwotabeki. Mbele yake wapo watu watano wenye miili mikubwa, wengi wakivuka kilo 130, na kazi yao ni kumkinga asifikiwe. Nyuma ya ukuta huo ana sekunde mbili na nusu, tatu akibahatika, za kuamua mpira ampe nani. Na kuhusu drafti: kwetu klabu ikimtaka mchezaji inazungumza na klabu yake, bei inatajwa, biashara inaisha. Huku chipukizi wa chuo hanunuliwi. Timu 32 za NFL, ligi ya kulipwa, zinapanga foleni, iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita inatangulia, na zinachagua kwa zamu, raundi saba. Zamu inaweza kubadilishwa na timu nyingine kwa zamu nyingine au kwa mchezaji. Timu inayokosea kwotabeki hulipia kosa hilo miaka mingi, na mara nyingi kocha na meneja hufukuzwa kazi kwa sababu yake.

Penix anarusha kwa mkono wa kushoto. Alianza chuo Indiana mwaka 2018, na misimu yake yote minne huko iliishia kwenye majeraha: goti la kulia, kiungo cha mfupa wa mtulinga, goti lile lile tena, kisha bega la kushoto. Bega la mkono anaorushia, tena! Wengi wangeacha. Yeye alihamia Washington kumfuata kocha Kalen DeBoer, aliyewahi kufanya naye kazi Indiana.

Leo nimeuona mkono huo kwa karibu. Oregon walikuwa mbele 33 kwa 29, zimebaki dakika mbili na kidogo, wakajaribu kumaliza mchezo kwa jaribio la nne badala ya kuupiga mpira mbali. Wakashindwa. Washington walihitaji majaribio mawili tu: Penix akampata Ja'Lynn Polk kwa yadi 35, kisha akampata Rome Odunze ndani ya eneo la mwisho kwa yadi 18. Mpira wa kwenda kwa Odunze uliondoka kabla hajageuka vizuri. Alipogeuka, ulikuwa umeshafika. Oregon wakapata nafasi ya kusawazisha kwa teke la yadi 43, teke likapita pembeni. Mwisho 36 kwa 33. Watu walimwagika uwanjani, nami nikabaki nimekaa nikiandika.

Nilichoandika ni hiki: jezi ya Penix haikuchafuka. Mbele yake ana ukuta ambao wengi wanausifu kuwa bora kuliko wote vyuoni msimu huu, na wapokeaji watatu ambao wote watafika NFL. Anarusha akiwa amesimama wima, hana wa kumbughudhi. Nix naye alicheza vizuri, akaongoza wenzake hadi ukingoni mwa ushindi, ila pasi zake nyingi zilikuwa fupi, za pembeni, na kazi kubwa ya kukimbia ikafanywa na aliyepokea. Kwa hiyo swali la safari hii nimelipata mapema kuliko nilivyotarajia. Kuuliza nani anarusha vizuri hakusaidii sana, kwa kuwa wote wanarusha vizuri. La kuuliza ni nani kazungukwa na nini, na anafanya nini siku kile kinachomzunguka kikiondoka.

Chapel Hill, 21 Oktoba

North Carolina ni nchi ya mpira wa kikapu. Hata Drake Maye, kwotabeki wao, kwa watu wengi wa hapa ni mdogo wake Luke, yule aliyefunga kikapu cha sekunde za mwisho dhidi ya Kentucky mwaka 2017. Baba yao, Mark, alikuwa kwotabeki wa chuo hiki hiki miaka ya 1980. Drake amezaliwa ndani ya mchezo, na inaonekana: mrefu, futi sita na inchi nne, mabega mapana, na anautupa mpira mbali bila kujikunja.

Leo wamefungwa nyumbani, 31 kwa 27, na Virginia iliyokuja hapa ikiwa na ushindi mmoja na vipigo vitano. North Carolina hawakuwa wamepoteza hata mchezo mmoja. Dakika za mwisho Maye alikuwa na mpira na muda wa kutosha kugeuza matokeo, pasi ikanaswa, ikawa basi. Niliposhuka ngazi nilisikia maneno mazito juu ya kijana huyu.

Sikubaliani nayo. Mwaka 2022 alirusha pasi 38 za tachidauni, yaani zilizoishia ndani ya eneo la mwisho, na zaidi ya yadi 4,300. Baada ya hapo wapokeaji wake wakuu, Josh Downs na Antoine Green, wakaenda NFL, na mwalimu wa mashambulizi, Phil Longo, akahamia Wisconsin. Mwaka huu Maye anacheza na watu wengine, kwa mfumo mwingine, na namba zimeshuka kama ambavyo zingeshuka za mtu yeyote. Mwezi uliopita, dhidi ya Pittsburgh, alibanwa mkono wa kulia karibu na mstari, akaurusha mpira kwa mkono wa kushoto, na ikawa tachidauni. Wako wanaoicheka pasi ile kama bahati. Mimi naona kijana aliyeharibikiwa mpango akabuni mwingine ndani ya nusu sekunde, na kitu hicho hakifundishwi ubaoni.

Kasoro yake ninayoiona ni miguu. Akiwa na haraka anarusha kabla hajasimama sawa, na mpira unapaa juu ya kichwa cha mwenzake. Kocha mvumilivu atalirekebisha hilo.

Los Angeles, 4 Novemba

Coliseum ulifunguliwa mwaka 1923, ukawa mwenyeji wa Olimpiki ya 1932 na ya 1984. Ni uwanja unaomfanya mtu ajisikie mdogo. Caleb Williams hajisikii mdogo popote. Alishinda tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka 2022 kwa pasi 42 za tachidauni, na tangu siku ile Marekani nzima imekubaliana kwamba ndiye wa kwanza Aprili.

Ukimwona unaelewa kwa nini. Ukuta wake wa Chuo Kikuu cha Southern California (USC) unavuja, basi yeye huzunguka, anawapa mgongo wanaomkimbiza, anageuka tena, na katikati ya kukimbia anautuma mpira kwa kiwiko tu, yadi 40, hadi kifuani mwa mwenzake. Wengine wakikimbizwa wanatafuta pa kutokea. Huyu akikimbizwa anatafuta mtu aliye huru mbele.

Lakini tabia hiyo ina bei. Anaushika mpira muda mrefu kuliko inavyofaa, kwa kuwa siku zote anaamini atatoka. Mwezi uliopita huko South Bend, Notre Dame walimnasa pasi tatu katika nusu ya kwanza pekee, kwa sababu walikaa mbali wakamsubiri achoke kuzunguka. Nimeweka alama nyekundu hapo. Mabeki wa NFL wana kasi kuliko wale wa vyuo, na sekunde ya tano aliyozoea kupewa huku hataipata kule.

Leo USC walifunga pointi 42 na bado wakapoteza, kwa kuwa mabeki wao waliruhusu 52. Dillon Johnson wa Washington aliwakimbilia yadi 256. Kipenga kilipolia, Williams alipanda ukingo wa jukwaa akajilaza kwa mama yake, akalia. Kamera zikamganda. Najua kesho watu watasema kiongozi halii hadharani. Hayo ni maneno ya watu wasiowahi kupoteza kitu walichokipenda. Kijana wa miaka 21 aliyebeba timu isiyojua kukaba, akafanya kazi yake yote na bado akashindwa, ana haki ya kulia kwa mama yake.

Baton Rouge, 11 Novemba

Ng'ambo ya barabara kutoka uwanja wa Chuo Kikuu cha Louisiana State (LSU) kuna chui milia hai, anaitwa Mike, ana uzio mpana wenye bwawa. Watoto walikuwa wamejipanga kumtazama kabla ya mchezo kama watu wanaokwenda kumsalimia jirani. Uwanja wenyewe unachukua watu zaidi ya 102,000, na wenyeji watakuambia kwamba mchezo wa mchana si mchezo. Baton Rouge hucheza usiku.

Jayden Daniels ana hadithi ya kuhama, kama wengine. Wanne kati ya hawa sita walibadilisha chuo. Yeye alizaliwa San Bernardino, California, akacheza misimu mitatu Arizona State, akaja huku 2022. Wiki iliyopita, mchezoni na Alabama, aligongwa vibaya akatolewa, na siku zote za wiki hii mji ulikuwa ukiuliza kama madaktari watamruhusu. Walimruhusu.

Niliyoyaona usiku huu sijayaona kwa kwotabeki mwingine. Daniels anarudi nyuma hatua tatu, macho yako mbele, kushoto, mbele tena. Florida wameacha njia katikati, upana wa mlango tu. Hakusubiri. Mpira ameubana kwapani, magoti juu, mwili umeinama mbele kidogo, na ghafla yuko kwenye kundi la mabeki wa nyuma, kisha wao ndio wako nyuma yake. Yadi 85. Jukwaa nililokaa, la saruji, lilitetemeka. Baadaye akaongeza nyingine ya yadi 51. Mwisho wa mchezo, LSU 52, Florida 35, na Daniels ana yadi 372 za pasi na 234 za kukimbia. Katika ngazi ya juu ya vyuo kabla yake hajawahi kutokea mchezaji aliyefikisha 350 za pasi na 200 za miguu katika mchezo mmoja.

Jirani yangu jukwaani, bibi mwenye kofia ya zambarau aliyeniambia hajakosa mchezo wa nyumbani tangu ameolewa, alinigeukia: "Mwanangu, umekuja siku yenyewe." Nilimwuliza hofu yake ni nini. Akajibu bila kufikiri: "Hajui kuanguka."

Bibi yule ameona sawa. Daniels ana kilo kama 95 kwa urefu wa futi sita na inchi tatu na zaidi, ni mwembamba, na anapokutana na beki mara nyingi hajilazi chini mapema. Ile ajali ya Alabama haikuwa ya kwanza. Na wapokeaji wake, Malik Nabers na Brian Thomas, ni hazina. Kwa hiyo swali langu la Seattle linamhusu pia. Ila nimetafuta kwenye mikanda yake michezo ambayo wenzake walizibwa kabisa, na humo nimekuta jambo moja: pasi isipokuwepo, hakai kuibuni. Anaondoka na mpira kwa miguu, anachukua yadi zake saba, anarudi kuanza upya. Msimu huu hunaswa pasi kwa nadra. Williams akikosa pasi anaitafuta hadi aipate au aumie. Daniels anakubali kilichopo. Kwa timu mbovu, na timu zinazochagua mapema karibu zote ni mbovu, tabia hii ya pili ina thamani kubwa.

Ann Arbor, 25 Novemba

Uwanja wa Michigan umezama ardhini. Ukiwa barabarani huamini kwamba ndani yake kuna watu 110,000, na leo walizidi hao, kwa kuwa ni siku ya kucheza na Ohio State. Baridi iliingia hadi kwenye mifupa. Mwenyeji wangu, mzee wa Tanga aliyeishi huku miaka mingi, alinivika koti lake la pili na kunipa chai ya tangawizi kwenye chupa.

Michigan walishinda 30 kwa 24, wakiwa bila kocha wao Jim Harbaugh, aliyefungiwa kwa kesi ya timu yake kuiba ishara za wapinzani. J. J. McCarthy alirusha pasi 20 tu, nyingi zikafika. Majuma mawili nyuma, dhidi ya Penn State, alirusha nane tu. Michigan walikimbia na mpira mara 32 mfululizo na wakashinda.

"Huyu mtoto, mwanangu, hawamwachi," mzee alilalamika. "Anajua kurusha, lakini wanamtumia kama mtu wa kufungulia mlango."

"Labda wanajua hawezi, mzee wangu."

"Au labda hawajawahi kumhitaji."

Hapo ndipo penye ugumu wa kumpima McCarthy. Ameongoza timu katika michezo mingi, karibu yote ameshinda. Ana miaka 20. Kabla ya mchezo hukaa chini kwenye nguzo ya goli, miguu ameikunja, macho amefumba, anatuliza moyo. Pasi zake zinazohitaji nguvu, zile za katikati zinazopita baina ya mikono ya watu wawili, zina kasi nzuri. Lakini ni kumpima nahodha siku ambazo bahari imelala. Ukuta wa Michigan na mkimbiaji wake Blake Corum walimaliza kazi kabla yake. Sina sababu ya kumshusha, wala sina ushahidi wa kumpandisha juu ya Maye.

Houston, 8 Januari 2024

Fainali ya vyuo: Michigan 34, Washington 13. Nina moja tu la kuandika. Ule ukuta wa Penix, uliokwisha kupewa tuzo ya kuwa bora nchini, leo ulitikiswa. Michigan walimfikia, wakamgonga, wakamlazimisha kurusha mapema, na kijana aliyewarushia Texas yadi 430 wiki moja iliyotangulia alimaliza na pasi mbili zilizonaswa na nyingine nyingi zilizopita juu ya wenzake waliokuwa huru. Hakukata tamaa, aliinuka kila mara akichechemea. Ila jibu la swali la Seattle lilikuwa mbele ya macho ya watu wote.

Indianapolis, Machi

Kila mwaka NFL huwakusanya vijana kwenye uwanja wa Lucas Oil kuwapima. Urefu, uzito, mbio za yadi 40, hata kiganja hupimwa, kutoka ncha ya dole gumba hadi ya kidole cha mwisho. Cha Penix ni inchi 10 na nusu, kikubwa kweli. Williams alikataa kupimwa afya mbele ya timu zote, akisema ataonyesha taarifa zake kwa zile zitakazomwalika. Makelele yalikuwa mengi, mimi naona ana haki na mwili wake.

Vipimo hivi sivipi uzito mkubwa, na sababu ni ya mwaka jana tu. Kabla ya drafti ya 2023 zilivuja habari kwamba C. J. Stroud wa Ohio State alipata alama duni kwenye mtihani wa kompyuta wa wepesi wa kuamua. Carolina, timu ya NFL, walikuwa wametoa kwa Chicago mpokeaji D. J. Moore na zamu kadhaa ili wachague wa kwanza, wakamchukua Bryce Young. Stroud akaenda Houston akiwa wa pili. Msimu ukaisha hivi: Houston ushindi 10, wakaingia mchujo, Stroud akawa mchezaji mpya bora wa mashambulizi. Carolina walishinda mara mbili tu. Na zamu ya kwanza ya mwaka huu, ambayo ingekuwa ya Carolina, iko mikononi mwa Chicago. Watu wakisema Young hafai, mimi huuliza ni nani aliyekuwa mbele yake. Ukuta wa Carolina uliruhusu aangushwe zaidi ya mara 60.

Detroit, 25 Aprili

Sijawahi kuona umati kama huu kwa jambo lisilo na mpira unaochezwa. Katikati ya mji, Campus Martius, barabara zimefungwa, watu wamepanda hadi kwenye kuta za maua, jezi za timu zote 32 zimechanganyika. Kamishna Roger Goodell anasoma jina, nusu ya uwanja inashangilia, nusu inazomea.

Chicago walimtaja Williams. Washington, timu ya NFL na si chuo cha Seattle, wakamtaja Daniels, New England wakamchukua Maye. Zamu ya nane Atlanta wakamtaja Penix, na mguno ukapita umati mzima, kwa kuwa mwezi uliopita walikuwa wamempa kwotabeki mwingine, Kirk Cousins, mkataba wa miaka minne wenye thamani ya hadi dola milioni 180. Minnesota wakasogea kutoka zamu ya 11 hadi ya 10 kumpata McCarthy. Denver wakafunga na Nix, wa 12. Makwotabeki sita ndani ya zamu 12 ni jambo lisilowahi kutokea. Mwaka 1983 walichaguliwa sita katika raundi nzima ya kwanza, na Dan Marino, aliyekuja kuvunja rekodi nyingi, alisubiri hadi wa 27.

Jina lililonifurahisha zaidi halikuwa la kwotabeki. Zamu ya tisa Chicago walimchagua Odunze, yule yule wa Seattle. Pamoja na Moore waliyempata kwa Carolina na Keenan Allen waliyemchukua Machi, Williams atakuta watu wa kuwarushia. Sasa wamtafutie wa kumkinga, la sivyo ile tabia yake ya kuzunguka itamuumiza. Maye ndiye ninayemwonea huruma. New England hawana ukuta wala wapokeaji, na ombi langu kwao ni wasimharakishe. Nix nampa nafasi nzuri kuliko wengi wanavyompa, kwa kuwa kocha Sean Payton anapenda hasa zile pasi fupi zinazofika kwa wakati. Penix amechaguliwa na timu isiyomhitaji mwaka huu, na McCarthy ataonekana mara ya kwanza akiombwa kurusha kweli.

Kama zamu ya kwanza ingekuwa yangu, ningemchukua Daniels, nikamweka Maye wa pili na Williams wa tatu kwa tofauti ndogo sana. Na zamu zangu zote zilizobaki ningezitumia kununua ukuta, nikaajiri mtu wa kumfundisha Daniels kuanguka.